Taichi ya miondoko 24 au Baduanjin: ipi uanze nayo nje, na uifanyie wapi

Anayetaka kuanza taichi huku kwetu siku hizi haulizi tena kama inafaa. Ameshaona wazee wa Kichina wamejipanga chini ya miti wakisogea polepole, naye anataka kitu cha namna hiyo alfajiri, nje, kabla ya foleni na simu: mwili unyooke, pumzi itulie, na moyo upate nafasi ya kushukuru kwa hewa, mwanga na majani yanayomzunguka. Swali lake ni aanze na ipi. Zinazomfikia kwanza ni mbili. Kuna taichi ya miondoko 24, na kuna Baduanjin, ambayo si taichi hasa bali ni ndugu yake wa upande wa chigongi, yale mazoezi ya Kichina ya pumzi na viungo. Watu huziita zote taichi, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanza: mmoja anaambiwa taichi ni rahisi, mwingine anaambiwa ni ngumu, kumbe kila mmoja ameonyeshwa kitu chake.

Nitasema mapema ninakoegemea. Kwa mtu anayetoka nje kwa ajili ya kushukuru, na hana mwalimu karibu, Baduanjin ndiyo ya kuanza nayo. Taichi ya miondoko 24 ina mengi zaidi ya kukupa, lakini inachelewa kuyatoa na inadai mwalimu. Sababu yangu si wepesi peke yake. Shukrani inataka kitu cha kushukuriwa. Huwezi kushukuru kwa mwembe ambao hukuuona, wala kwa upepo uliokupita hujui kama umepita. Kwa hiyo ninachokipima kwanza ni hiki: ukiwa katikati ya zoezi, macho na masikio yako yako wapi? Nje, au kichwani unahesabu hatua?

Kichwa kinavyoshughulika

Miondoko 24 ilitungwa mwaka 1956, mamlaka ya michezo ya China ilipotaka taichi ambayo mtu wa kawaida angeweza kuijua. Waliuchukua mtindo wa Yang wakaufupisha. Mtindo huo asili yake ni Yang Luchan, aliyejifunza katika kijiji cha Chenjiagou, mkoa wa Henan, kisha akaipeleka taichi Beijing katika karne ya 19. Mfululizo mrefu wa Yang una miondoko inayozidi 80 na hauishi haraka. Huu wa 24 unamalizika kwa dakika tano au sita. Kwa Mchina aliyekulia jirani na bustani yenye walimu kila kona, huo ulikuwa urahisi mkubwa. Kwa mtu wa Mwanza au Kisumu anayejifunza kwa video, bado ni mzigo. Kila mwondoko una mguu unaobeba uzito na mguu ulio mtupu, una kiuno kinachotangulia kugeuka kabla ya mkono, una mwelekeo wake wa kutazama. Video inakuonyesha mikono. Uzito haikuonyeshi.

Chukua ule wa mikono kama mawingu. Unasimama miguu sambamba, magoti yamelegea kidogo. Mkono mmoja unapita mbele ya uso kutoka upande hadi upande, kiganja kikikutazama, na mwingine unapita chini, usawa wa kitovu. Kinachoipeleka mikono ni kiuno, si mabega. Uzito wote unahamia mguu mmoja, ule mtupu unasogezwa jirani, mikono inabadilishana, ya juu inashuka na ya chini inapanda. Macho yanafuata mkono wa juu. Ukishaumiliki mwondoko huu, uso wako unazungushwa taratibu kuanzia mti ulio kulia hadi ukuta ulio kushoto, na kila kilicho katikati umekiona. Sijui mwondoko mwingine mzuri kama huo wa kumtazamisha mtu mahali aliposimama. Lakini majuma ya mwanzo mwanafunzi anaona mkono wake tu. Anajiuliza ni kushoto au kulia, mguu ufunge au ufungue, hii ni mara ya pili au ya tatu. Kunguru anaweza kutua mbele yake asimwone. Hali hiyo hudumu miezi, na wengi huacha wakiwa bado humo.

Sasa weka Baduanjin kando yake. Miondoko ni minane tu na hufanyika popote. Wa kwanza unafungamanisha vidole chini ya kitovu, unaipandisha mikono hadi kifuani, unageuza viganja na kusukuma juu huku uso ukinyanyuka kuifuata. Halafu unaiachia ishuke pande zote mbili. Mara sita. Asubuhi ya kwanza tu umeshaujua. Wa pili ni kuvuta upinde kushoto na kulia, wa tatu mkono mmoja juu na mwingine chini, wa nne kugeuza shingo kutazama nyuma, na hivyo hivyo hadi wa nane, ambapo unapanda juu ya vidole vya miguu na kudondosha visigino mara saba. Zoezi hili linajulikana China tangu enzi ya Song, iliyokwisha mwaka 1279, na toleo sanifu linalofundishwa sasa, la mwaka 2003, huchukua kama dakika 12.

Kwa kuwa kila mwondoko unarudiwa papo hapo, kichwa kinapumzika kuanzia marudio ya pili. Hapo ndipo unasikia ndege. Tena tazama zoezi lenyewe linakupeleka wapi: mwondoko wa kwanza unakuinua uso mara sita, na kama umesimama chini ya mwarobaini, mara sita umeona majani na mbingu kati ya majani. Wa nne unakugeuza nyuma, upande ambao watu wengi hawautazami kabisa wakiwa mazoezini.

Haki ya taichi nayo isemwe, kwa sababu kuna jambo ambalo Baduanjin hailifikii. Taichi imejaa viumbe. Miondoko yake inaitwa kwa farasi mwitu na manyoya ya shingo yake, korongo mweupe anayetandaza mbawa, tumbili anayerudishwa nyuma, nyoka anayeshuka, jogoo wa dhahabu aliyesimama kwa mguu mmoja, sindano chini ya bahari. Wanahistoria wengi wakieleza asili ya taichi huanzia kwa Chen Wangting, mwanajeshi wa karne ya 17 wa kijiji kile kile cha Chenjiagou, lakini hadithi wanayoipenda watu wa taichi wenyewe ni ya Zhang Sanfeng, mtawa wa milima ya Wudang, aliyetazama ndege na nyoka wakipigana akaona ulaini ukishinda nguvu. Wanaosimulia hivyo wanakiri kwamba mwalimu wa kwanza alikuwa kiumbe. Mtu wa pwani aliyewahi kumwona yangeyange akisimama kwenye tope la mikoko, au Mganda anayemjua korongo taji, ndege wa taifa lake, akifika kwenye korongo mweupe ana cha kukumbuka mwilini. Hapo shukrani haiji kwa kutazama, inakuja kwa kuazima mwendo wa kiumbe mwenzio. Ni shukrani nzito zaidi, na ndiyo sababu sisemi taichi iachwe. Nasema isitangulie.

Kwa watoto, kwa njia, hizo zote mbili ziache. Wape mchezo wa wanyama watano, Wuqinxi, ambao Wachina wanaunasibisha na tabibu Hua Tuo aliyefariki mwaka 208: chui milia, kulungu, dubu, nyani na ndege. Watauelewa bila kufundishwa sana.

Ardhi unayosimama

Hapa tofauti ya hizi mbili inakuwa kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu moja inatembea na nyingine haitembei.

Miondoko 24 inahitaji mita kadhaa za ardhi tambarare, kisha inakugeuza juu ya visigino. Kwenye mchanga laini mkavu kisigino kinazama, unyayo unakwama, mwili unaendelea kugeuka, na goti ndilo linalolipa. Usiifanyie hapo, hata kama picha za matangazo zinaonyesha hivyo. Baduanjin kwenye mchanga huo huo inakwenda vizuri. Miguu inabaki mahali pake, mchanga unakulazimisha ukanyage kwa unyayo mzima, na ule mwondoko wa mwisho wa kudondosha visigino, ambao juu ya zege unatikisa hadi meno, hapo unapokelewa kwa upole.

Ukitaka taichi ya ufukweni, subiri maji yapwe. Siku za bamvua bahari inarudi mbali na kuacha uwanja mpana wa mchanga mgumu, wenye unyevu, usiozama. Angalia tu mteremko: ukisimama ubavu kwa bahari, mguu mmoja uko chini ya mwingine na nyonga zinalijua hilo kabla yako. Sogea hadi upate pale palipo sawa. Siku za maji mafu uwanja huo ni mwembamba, basi fanya Baduanjin. Na chagua ufuko kwa saa yako. Coco Beach ya Dar es Salaam na fukwe za Nyali na Bamburi kule Mombasa zinatazama mashariki, jua linakuchomozea usoni. Forodhani ya Unguja inatazama magharibi, hiyo ni ya jioni.

Upepo nao una neno lake. Walimu wa Kichina huwaonya wanafunzi wasifanye mazoezi kwenye upepo mkali, hasa wakiwa wametoka jasho. Hata ukiweka kando wanavyoeleza wao, upepo mkali unavunja utulivu: unakaza mabega, unafumba macho, unataka kumaliza. Wakati wa kusi, rudi nyuma ya miti. Chini ya mivinje pana kivuli na sauti nzuri kuliko zote za pwani, ila fagia kwanza zile mbegu zake ngumu kama unasimama peku. Dar es Salaam pana bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1893 enzi za Wajerumani, ndogo lakini yenye miti mikubwa. Mombasa pana Mama Ngina Waterfront, mibuyu kwa upande mmoja na mlango wa bahari kwa upande mwingine, na sakafu iliyo sawa ambapo miondoko 24 inaenea bila shida.

Bara hali ni nyingine. Nairobi ina Arboretum, iliyoanza mwaka 1907, yenye nyasi wazi kati ya miti. Hapo taichi inakaa vizuri. Na ina Karura. Msitu huo, wa zaidi ya hekta 1,000, nausemea kwa uzito wake. Mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miti humo kupinga ardhi ya msitu kugawiwa wajenzi. Yeye alipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Leo mtu analipa kiingilio, anatembea kwenye njia safi, anamwona mbega juu ya mti, na hakuna kinachomlazimisha kukumbuka. Lakini anayekuja kushukuru kwa maumbile, akasimama Karura bila kuwashukuru waliovuja damu ili yawepo, ameshukuru nusu. Mimi nikifundisha mtu mahali pale tunataja hilo kabla hatujainua mikono.

Ndani ya msitu wenyewe mizizi inapita juu ya ardhi, na masika yakianza kuna siafu. Tazama miguuni kabla ya kusimama dakika 12 mahali pamoja. Tafuta uwazi wenye nyasi fupi. Kati ya miti Baduanjin inatosha kwenye nafasi ya mkeka mmoja. Mwezi wa Juni na Julai Nairobi ina baridi ya kuuma asubuhi, kwa hiyo funika shingo na kiuno, na tembea haraka robo saa kwanza. Usianze mwondoko wa kuinama mwili ukiwa bado umekakamaa.

Usalama usiwekwe mwisho wa orodha. Mwanamke anayekwenda peke yake gizani hadi ufukweni kwa ajili ya utulivu hataupata huo utulivu, atakuwa anasikiliza nyayo. Subiri kupambazuke, nenda na mwenzio, au baki uani. Ua wenye mpapai mmoja na anga juu yake unatosha kwa Baduanjin, na hautoshi kwa miondoko 24. Kwa watu wengi wa mijini jambo hilo moja linamaliza mjadala.

Kushukuru kwenyewe

Mzee mmoja alitukuta bustanini akasimama hadi tukamaliza. Tukamwamkia. Akaitikia, kisha akauliza: "Wanangu, hii ni ibada?" Tukamwambia hapana babu, ni mazoezi. "Mbona mmeinama mwishoni?" Swali la haki kabisa, na wengi wanalo ila hawaulizi. Kule kufumbata ngumi kwa kiganja na kuinamisha kichwa ni salamu ya watu wa mapigano ya Kichina, kumshukuru mwalimu na mwenzio. Anayeona haimfai aiache, zoezi halipungui. Hakuna dua iliyofichwa ndani ya miondoko 24 wala ndani ya Baduanjin. Historia yake imegusana na falsafa ya Kitao, ya kwenda na maumbile badala ya kushindana nayo, lakini shukrani utakayoitoa ni ile uliyokuja nayo kutoka nyumbani. Mwislamu aliyetoka kuswali Alfajiri anamshukuru Mola kwa alivyoviumba. Mkristo vivyo hivyo. Mwingine anaishukuru ardhi iliyomlisha. Mti haushukuriwi badala ya aliyeuotesha. Mzee yule aliridhika, akatuonyesha mkungu ambao anasema aliukuta ukiwa hivyo hivyo alipokuwa kijana.

Hapa tena Baduanjin inamfaa anayeanza. Kati ya mwondoko na mwondoko kuna kituo: mikono imeshuka, magoti yamelegea, pumzi moja inaingia na kutoka. Neno la shukrani linakaa pale bila kuvunja kitu. Taichi haina kituo. Mwondoko unazaa mwondoko hadi mwisho, na ukitia neno katikati unapoteza hatua. Kwa hiyo kwenye taichi shukrani huwekwa milangoni, kabla ya kuanza na baada ya kufunga.

Katika zote mbili, taja vitu kwa majina. Usiseme asante kwa miti; sema kwa mvinje huu uliopinda, kwa umande ulionilowesha vidole, kwa huyu kwembe anayepiga kelele tangu nilipofika. Usiyemjua jina, uliza mtunza bustani, naye atafurahi kuulizwa. Kisha shukrani ishuke mikononi. Okota chupa na mifuko iliyo karibu nawe kabla ya kuondoka. Zima spika, maana wengine wamekuja kusikiliza ndege. Usikanyage miche ili upate nafasi nzuri ya kupigwa picha. Kikundi kinachoacha bustani safi kuliko kilivyoikuta hakihitaji kueleza kinafanya nini pale.

Afya, kwa kifupi

Tafiti nyingi na nzito zaidi zimefanyiwa taichi. Mwaka 2012 Fuzhong Li na wenzake huko Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 195 wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa mwili, na waliofanya taichi walisimama imara zaidi kuliko waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo. Mwaka 2018 walichapisha mengine, ya watu 670 wenye miaka 70 na zaidi walio katika hatari ya kuanguka, na wa taichi walianguka mara chache zaidi. Kwa hiyo kama mama yako ameanza kuyumba akitembea, hapo geuza ushauri wangu: mtafutie mwalimu wa taichi, hata ya miondoko minane au kumi iliyochaguliwa, kwa sababu kile kuhamisha uzito mguu hadi mguu ndicho anachokihitaji, na Baduanjin inakifanya kidogo tu. Afanye karibu na ukuta au kiti. Mwenye presha ya juu, katika Baduanjin, asiteremshe kichwa chini sana kwenye mwondoko wa tano na wa sita, na amwambie daktari wake anachofanya. Magoti mabovu: simama juu, usishuke kama vijana wa kwenye video.

Kutoka moja kwenda nyingine

Mwalimu wa taichi huku kwetu hapatikani kila mji. Mahali pa kwanza pa kuuliza ni Taasisi za Confucius, vituo vya lugha na utamaduni wa Kichina: ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyofunguliwa mwaka 2005 ikiwa ya kwanza Afrika, na ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ya mwaka 2013, pamoja na vilabu vya kungfu. Ukimpata, na ukaweza kumwona angalau mara moja kwa juma, unaweza kuanza na miondoko 24 moja kwa moja. Mwambie mapema kwamba unataka kuifanyia nje, akufundishe kwenye nyasi badala ya ukumbini, kwa sababu sakafu laini hudanganya miguu.

Usipompata, fanya Baduanjin hadi mwili uifanye wenyewe. Kisha ongeza mwondoko mmoja tu wa taichi, ile mikono kama mawingu, bila kutembea: simama miguu wazi kuliko mabega, hamisha uzito kulia na kushoto, kiuno kipeleke mikono, macho yafuate kiganja cha juu. Huo unaweza kujifunza kwa video bila kuumia, kwa kuwa hakuna unyayo unaogeuka. Ukija kumpata mwalimu, utakuwa tayari umezoea kuhamisha uzito, naye ataanza na wewe hatua ya kando.